Tundu la Pili kwenye Mpira wa Mbwa

Mmeniomba niandike jinsi tulivyoutengeneza mpira wa mbwa unaotoka hapo karakanani Visiga mpaka leo. Ninyi mnaujua ukiwa umekamilika: mweusi, wa kujaa kiganja, una tundu huku na tundu huku. Nimewahi kumsikia fundi mmoja mgeni akimweleza mteja kwamba matundu yale ni ya kupitishia kamba. Si ya kamba. Siku mliyoniaga niliombwa nieleze habari zake, nikasema maneno mawili matatu nikakaa, maana watu walikuwa wanangoja pilau. Sasa niko nyumbani, sina haraka.

Nilifika Visiga nikiwa msichana kutoka Usangi, nimemfuata kaka yangu aliyekuwa karani wa serikali Kibaha. Karakana ilikuwa banda moja la bati lenye presi mbili na mashine ya roli ya kukandia mpira. Harufu ya salfa ilinipokea tangu barabarani. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Shabani, mchonga kalibu za chuma za kupikia mpira, Mzaramo wa Kisarawe, mtu asiyependa maneno mengi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, kisha akanipa kipande cha mpira.

"Uma," akasema.

Nikauma.

"Unahisi nini?"

"Mpira, mzee."

"Uma tena."

Akanipa kingine, na kingine. Ilipofika mchana niliweza kukuambia kwa meno kipi kigumu na kipi laini, kipi kimeiva na kipi kimetolewa kwenye moto mapema. Kipima ugumu kilikuja miaka mingi baadaye, kikaja kusema yale yale. Mwezi mzima ugali wangu ulikuwa na ladha ya tairi.

Ni yeye pia aliyenifundisha kujitengenezea zana. Ya kwanza kuitengeneza ilikuwa kitoboleo cha gasketi: kipande cha bomba la chuma, unene wa kidole cha mwisho, nimekinoa ukingo mpaka unanyoa vinywele vya mkono. Ukikizungusha juu ya mpira kinatoa kidonge safi cha duara. Kilikaa mfukoni mwa aproni yangu, na nikisafiri kikazi kilikaa kwenye mkoba.

Miaka ikaenda kwa bushi za magari, gasketi za pampu na mipira ya kuzuia matope nyuma ya malori. Nilifika mahali nikawa mimi ndiye ninayechora vitu vipya. Nilikwisha kuwa Mama Elia kwa kila mtu, isipokuwa Mzee Shabani aliyeendelea kuniita Nakijwa. Hapo ndipo akaja Afande Chacha.

Alikuwa sajini mstaafu, mtu wa Mara, mrefu. Aliendesha kambi ya kufundisha mbwa wa kunusa huko porini Kisarawe, mbwa wanaotafuta baruti na dawa za kulevya kwenye mizigo. Alimwaga mfuko juu ya meza yangu: mipira ya tenisi iliyonyonyoka, kipande cha tairi chenye nyaya zimechomoza, na kijiti chenye damu iliyokauka.

"Hivi vyote vimenitesa," akasema. "Mipira hii inasaga meno kama msasa. Tairi linachoma fizi. Kijiti kilimwingia mmoja kooni."

"Kwani mbwa wa kazi anacheza?" nikauliza.

"Mama, mbwa hajui baruti ni nini. Anachojua ni kwamba akiipata harufu ile, nitamrushia mpira wake. Huo ndio mshahara wake. Nikikosa mpira, sina mbwa."

Mzee Shabani alisikiliza akiwa mlangoni. Alisema kuchonga kalibu atachonga, ila mpira uliokwisha kuingia mdomoni mwa mbwa nitaushika mimi mwenyewe na kuuosha mwenyewe. Tukakubaliana hivyo.

Wa kwanza ulikuwa laini mno. Jike mmoja wa kambini, aitwaye Radi, aliumaliza kabla Afande hajafunga geti, na siku mbili akatapika vipande. Wa pili nikaukaza, ukamvunja dume mmoja ncha ya jino. Tangu siku hiyo nikaweka kanuni ambayo naomba msiiache: ukiubonyeza kwa ukucha na ukucha hauachi alama, huo si wa mdomo wa mbwa, hata mteja akiulilia.

Wa tatu nikaufanya wazi ndani, ubonyee ukiumwa na urudi ukiachiwa. Mpira wa namna hiyo unapikwa kwa kuzungushia kiini cha chuma, kisha kiini kinachomolewa kupitia tundu. Kwenye mchoro wangu wa kwanza nilikuwa nimeweka matundu mawili, moja kila upande. Nikalifuta moja.

"La pili limekwenda wapi?" Mzee Shabani akauliza.

"Litapasuka hapo. Mpira siku zote unaanza kuchanika kwenye tundu."

"Sawa. Wewe ndiye mwenye mpira."

Na kweli haukuchanika. Mbwa sita waliutafuna wiki tano, ukawa na mikwaruzo tu. Meneja wetu, Bwana Mathayo, alifurahi mpaka akaanza kuuita mpira usiokufa. Katika wiki hizo tano kilitokea kitu kimoja. Dume mmoja aliingiza ulimi ndani ya tundu, mpira ukamng'ang'ania, akatikisa kichwa mara mbili tatu, ukatoka kwa mlio kama wa kufungua chupa ya soda. Tulicheka, mimi na Afande. Niliandika kwenye daftari: ulimi umenasa, umetoka wenyewe. Nikafunua ukurasa mwingine.

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa Jumanne asubuhi, kama saa nne. Nilikuwa nimepeleka mipira mingine kambini. Afande akataka nimwone Radi akifanya kazi. Alificha kopo lenye baruti kidogo kati ya masanduku, akamwachia. Radi alipita mara moja, akarudi, akakaa mbele ya sanduku la tatu akiwa ameganda kama mtu aliyeambiwa asipumue. Lilikuwa ndilo. Akarushiwa mpira wake, akaudaka hewani, akaenda kujilaza kivulini kuutafuna. Sisi tukageuka kuzungumza.

Nilisikia kucha zikikwaruza udongo. Radi alikuwa anarudi kinyumenyume, kichwa chini, akijipangusa mdomo kwa miguu ya mbele.

"Anacheza?" nikauliza.

"Huyu hachezi," akasema Afande, akaanza kukimbia.

Mpira ulikuwa umekaa nyuma ya meno yake ya mbele na ulimi wote umezama ndani yake. Ni hivi: mbwa akiingiza ulimi huku anabana kwa taya, hewa inatoka. Akiachia, mpira unataka kurudi kwenye umbo lake, na kwa kuwa hewa haina pengine pa kuingilia, unauvuta ulimi badala ya hewa. Kila anavyobana na kuachia, unavuta zaidi. Hayo nayaandika sasa kwa utulivu. Pale niliyaelewa yote kwa mara moja.

Afande aliushika mpira akavuta. Radi alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mnyama.

"Usivute! Afande, usivute, utaung'oa ulimi!"

"Basi nifanyeje?"

Alichomoa kisu. Nikamshika mkono. Mpira ule niliupika mwenyewe usikatike kwa kisu. Ungeng'ata ubapa, na kikiteleza kinaingia kwenye mdomo wa mbwa au kwenye kidole cha Afande. Kwenye kona ya mdomo niliona ukingo wa ulimi. Ulikuwa umeanza kuwa zambarau.

"Unahitaji tundu la pili," nikasema. "Upande wa mbele. Mshike."

Nilikimbilia mkoba, nikachukua kitoboleo na rula yangu ya chuma. Afande alimviringisha Radi kwenye gunia, akampandia bila kumlalia, akabana kichwa chake kati ya magoti na kuushika mpira kwa mikono yote miwili. Kugonga kwa nyundo haikuwezekana, ningeusukuma mpira kooni. Ilibidi kuzungusha kwa mkono. Nilipaka kitoboleo sabuni ya kipande na maji ya bakuli la mbwa, nikazungushia utepe mweusi wa fundi umeme kwenye alama ya milimita kumi na mbili. Huo ndio unene wa mpira kwenye mchoro. Nikipita hapo, nyuma yake kuna ulimi.

Robo mzunguko, narudi. Robo mzunguko, narudi. Sabuni iliteleza, kiganja kikachubuka, sikusikia maumivu. Radi alikuwa anapumua kwa pua, kwa shida, mapovu yakimtoka.

"Bado?"

"Bado."

"Mama Elia, macho yake."

"Usiniambie macho. Niambie kama anapumua."

"Anapumua."

Utepe ukagusa mpira. Hakuna hewa. Nilibaki nimekishika kitoboleo, nisijue la kufanya. Kiini chetu kilikuwa kinashikiliwa upande mmoja tu, upande wa tundu, kwa hiyo kwenye presi kiliweza kuinama kidogo: mpira mmoja ukawa mnene upande huu, mwingine ukawa mwembamba. Nilijua hilo. Nilikuwa nimepima unene ubavuni, sikupima mbele kabisa, mahali nilipokuwa natoboa. Huenda zilibaki milimita mbili. Huenda ilibaki nusu.

"Mbona umesimama?" Afande akanifokea.

"Sijui kama umebaki mpira au ulimi."

Alinitazama. Jasho lilikuwa linamdondokea mbwa. "Wewe ndiye uliyeutengeneza," akasema. "Mimi simjui mwingine wa kumuuliza."

Nilifumba macho, nikasikiliza kwa vidole. Mpira una namna yake ya kukataa chuma, unakaza na kuvuta, nyama haivuti. Ulikuwa bado unavuta. Nikazungusha kidogo sana. Ukavuta. Nikazungusha tena, ukalegea, na hapo hapo ikatoka sauti ndogo, sss, kama pancha ya baiskeli.

Hata hivyo haukutoka. Ulimi ulikuwa umevimba ndani. Nilimimina maji ya sabuni kupitia tundu jipya, Afande akawa anauzungusha mpira taratibu kama anayefungua kifuniko kilichokwama, na mimi namwaga, na yeye anazungusha. Ulipoachia, ulimi ulianguka nje mweusi kama ini, umekuwa mrefu kuliko ulivyotakiwa. Radi hakulia. Alilaza kichwa kwenye kiatu cha Afande.

Daktari wa mifugo alikuja kwa pikipiki kutoka Kisarawe mjini. Alisema sehemu kubwa itapona ila ncha imekufa, akaikata, upana wa vidole viwili hivi. Sisi tulikaa nje ya chumba cha mbwa kwenye benchi. Nilitoa daftari mkobani, nikafungua ule ukurasa, nikampa Afande asome. Alisoma mstari mmoja kwa muda mrefu.

"Nilipaswa kusimamisha siku ile," nikasema. "Niliona, nikaandika, nikaendelea."

"Siku ile nilicheka kukuzidi," akasema. Akanirudishia daftari. "Iko mingapi nje?"

Pale kambini alikuwa nayo kumi na minane. Mingine thelathini na sita tulikwisha kuigawa kwa walinzi na wafugaji wa mbwa, Kibaha yote.

Nilirudi Visiga bila hata kunawa. Bwana Mathayo alinisikiliza amesimama.

"Mbwa mmoja, Mama Elia. Mmoja tu kati ya wote hao."

"Mmoja ambaye tulikuwa tumesimama karibu yake," nikamjibu.

Alichukua funguo za pikapu mezani akanipa. Wala msimwone mbaya; wapo wengi ambao wasingezitoa. Nilipiga simu njia nzima, Mzee Shabani akiendesha. Mlandizi, Picha ya Ndege, Maili Moja. Watu wengine walitukabidhi mpira kwa kutushukuru, wengine kwa kututukana. Jua linazama tulikuwa na thelathini na mitano.

Wa mwisho ulikuwa Soga, kwa mama mmoja mfuga kuku. Simu yake haikupatikana jioni ile, na asubuhi haikupatikana pia. Tuliondoka kabla ya chai. Tulipofika, mama yule alikuwa anawapa kuku maji.

"Mbwa yuko wapi?" nikamuuliza. Hata kumsalimia nilisahau.

"Si yupo hapo nyuma. Kwani vipi?"

Aliita. Mbwa hakuja. Akaita tena, sauti ikamezwa na treni iliyokuwa inapita. Nilizunguka banda mbio. Alikuwa amelala ubavu kando ya ukuta, mkubwa, wa rangi ya kahawia, hatikisiki, na mpira wetu umegusana na mdomo wake. Nilisimama. Sikuweza kusogea. Mzee Shabani akanipita, mzee yule asiyegusa mbwa, akainama, akampiga kofi la mgongo.

Mbwa akafumbua jicho, akapiga miayo. Ulimi wake ulikuwa mwekundu, mzima.

Mama yule hakutaka kuutoa. "Tangu aupate hali tena ndala zangu," akasema. "Leo nimpe nini?" Nilimweleza yote, na habari ya ncha iliyokatwa. Akauokota mwenyewe akaniwekea mkononi. Mzee Shabani alikwenda bombani kunawa, mara saba, na udongo mara moja, kama dini yake inavyomtaka. Tuliondoka, tukaingia barabara kuu.

"Nakijwa, nitakuchongea kiini cha kushikwa huku na huku," akasema. "Hakitainama tena. Na tundu la pili utakuwa nalo, utake usitake."

Lilipasuka, kama nilivyoogopa. Mara nne. Tukalizungushia mdomo mnene kama wa chungu, likaacha kupasuka. Nililifanya dogo kuliko la kwanza ili ulimi usiingie humo, ila hewa ipite hata likiwa na matope nusu. Kwa majaribio sikutaka tena mbwa aliye hai. Nilikwenda buchani Visiga nikanunua ulimi wa ng'ombe. Muuza nyama akanieleza jinsi ya kuupika kwa nazi. Tuliupunguza ukawa wa kadiri ya ulimi wa mbwa, tukauingiza kwenye mpira wa zamani, tukabana, tukaachia, tukauinua juu: ulimi ukaning'inia kama nguo kwenye kamba. Kwenye mpira mpya ukaanguka mezani. Tukarudia siku nzima, tukiutia mate, mchanga, udongo. Ukaanguka kila mara. Baada ya hapo kila mpira uliotoka niliupulizia hewa kwa mdomo wangu upande huu, nisikie kwa kiganja upande wa pili. Mmenikuta na tabia hiyo, nadhani mkidhani ni uzee.

Ilipita miezi mitatu kabla sijathubutu kurudi Kisarawe. Nilibeba mipira arobaini kwenye gunia. Afande alinipokea vizuri, lakini mkono wake haukuligusa gunia. Tulimwangalia kwanza mbwa mwingine, yule dume aliyevunjika ncha ya jino. Aliudaka, akaubana, akaingiza ulimi. Nilisogea mpaka nikawa nimepiga magoti mbele yake. Alibana, akaachia, ulimi ukatoka. Akabana, akaachia, ukatoka. Hakukuwa na mlio wowote. Sijui nilikaa pale muda gani. Magoti yalikuwa yananiuma nilipoinuka.

"Haya," akasema Afande. "Twende kwa mwenyewe."

Radi alikuwa amelala mlangoni pa chumba cha Afande. Alinijua, au alijua harufu yangu, maana aliinua kichwa. Afande alimwonyesha mpira, akaurusha polepole, hatua tano tu. Radi aliufuata kwa macho mpaka ulipotulia. Akainuka, akatembea, akaunusa upande mmoja, akausukuma kwa pua ukageuka, akaunusa na upande wa pili. Kisha akauruka kwa juu kama unavyoruka kidimbwi, akarudi kujilaza pale pale alipokuwa.

Afande hakurusha mara ya pili.

"Hatafanya kazi tena?" nikauliza.

"Mbwa asiyetaka mpira hana cha kutafutia." Alikuwa anamkuna nyuma ya sikio. "Jumamosi nampeleka nyumbani. Watoto wamekwisha kumchagulia mahali pa kulala, na mama yao, aliyekuwa hataki mbwa ndani, ameshindwa kesi."

Nilitaka kumwomba radhi, na nilikuwa nimejiandaa njia nzima jinsi ya kusema. Akanitangulia.

"Umeleta mingapi?"

"Arobaini."

"Iache yote."

Tuliingiza gunia stoo. Tulipotoka, Radi alikuwa ameinuka kwenda kwenye bakuli. Hawezi kunywa kama mbwa wengine, kwa kuchota na ulimi. Anatumbukiza mdomo wote mpaka karibu na macho, ananyonya maji kama ng'ombe, kisha anainua kichwa na kupiga chafya. Alifanya hivyo mara tatu, tukiwa tumesimama pale wote wawili, mpaka aliposhiba.